Gauni Alilochagua Kasiani

Kasiani alikuwa mwanamume mzuri, na kwa bahati mbaya alikuwa ameshaambiwa hivyo. Tangu alipopata ukarani kwenye nyumba ya wageni ya Wazungu, ile iliyo karibu na stesheni ya Morogoro, alikuwa hapiti penye dirisha la kioo bila kujiangalia. Alivaa suruali nyeupe, koti jeupe na kofia ngumu ya Kizungu hata siku za mawingu, na akitembea alikanyaga kwa uangalifu kama mtu aliyetia mayai mfukoni. Watu wa sokoni walimcheka akishapita.

Regina hakumcheka. Regina alimpenda, tena kupenda kule kunakomfanya mtu mwenye akili zake timamu atie mboga chumvi mara mbili. Aliposikia sauti yake mlangoni asubuhi ile, moyo ulimruka, akajifunga upya kanga iliyokuwa imefungika vizuri tu.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, kama umekuja kwa heri," akajibu Bi Shamsia bila kugeuka. Bi Shamsia alikuwa mjane wa mjini, muuza vitumbua, mwenye nyumba ambamo Regina alikuwa amepanga chumba cha nyuma, na mwenye ulimi ambao hata askari wa boma la Wajerumani waliuogopa.

"Shikamoo, Bi Shamsia."

"Marahaba. Vua kofia, baba. Paa langu halivuji."

Kasiani alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaweka furushi juu ya kitanda cha kamba. Kisha akamtazama Regina. Hapo ndipo penye matatizo yote ya Regina, kwenye macho yale. Yalikuwa makubwa, meusi, yenye kope ndefu ambazo Mungu angeweza kumpa msichana yeyote wa milimani akashukuru, lakini akampa karani. Akikutazama unahisi hakuna mtu mwingine duniani. Kwamba alikitazama vivyo hivyo kioo chake cha kunyolea, Regina alikuwa bado hajajua.

Siku ile Regina alikuwa anakwenda kutazamwa. Bibi Agnes, Mjerumani mwenye nyumba ya wageni, alikuwa anatafuta mwanamke wa kushona, kupiga pasi na kuwahudumia mabibi wa Kizungu wanaoshuka kwenye treni. Regina alifundishwa kushona na masista wa misheni ya Matombo, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Akipata kazi, atabaki mjini. Akikosa, jioni mjomba wake Gabrieli, aliyeteremka kuuza viazi na kabichi, atapanda naye tena mlimani, amwoze mzee mmoja wa Mkuyuni, mwenye mbuzi wengi, aliyekwisha kufiwa na wake wawili na bado alikuwa anatafuta. Kwa Waluguru mjomba akisema amesema. Kitu kimoja tu kingeweza kumpinga mjomba, nacho ni mwanamume mwingine kusimama mbele ya watu na kutamka: huyu ni mchumba wangu. Kasiani alikuwa bado hajatamka. Alikuwa akinong'ona vizuri sana, lakini kutamka hapana.

Nguo za kwendea Regina alikuwa ameshaziweka tayari: blauzi nyeupe aliyoishona mwenyewe, yenye mikono mpaka kwenye viwiko, na doti ya kanga mpya alizozifua mara moja ili zilainike na zisionekane kama za jana dukani. Nywele alikuwa ameshasuka, visuko vyembamba vilivyolala. Miguu ameisugua kwa jiwe na kuipaka mafuta ya nazi.

"Hivi ndivyo utakavyokwenda?" Kasiani aliuliza. Alizinyanyua kanga kwa vidole viwili.

"Zina nini?"

"Hazina kitu. Ni za ngomani. Regina, ukiingia na hizi mbele ya Bibi Agnes, atakupa ufagio ufagie uwanja. Anayetaka kazi ya ndani avae kama mtu wa ndani."

Akalifungua furushi. Likatoka gauni la rangi ya majivu, lenye lesi kwenye kola, vifungo vidogo vidogo kutoka kitovuni mpaka kooni, na kiuno chembamba ambacho kingemtosha nyigu. Chini yake kulikuwa na viatu vya kisigino.

Bi Shamsia aliacha unga, akaja kutazama.

"Hiki nini? Chandarua?"

"Gauni, Bi Shamsia. La Ulaya."

"Na mwenyewe yuko wapi? Maana naona kifua bado kimo."

"Bi Shamsia, hujui mambo ya ofisini."

"Sijui, baba, sijui. Mimi najua tu kwamba mwanamke anayekwenda kuomba kazi anaoga, anavaa kilicho chake, kisafi, kinachomruhusu kuinama na kuinuka. Huyu bibi anataka mikono ya kushona. Sasa unamfunga mtoto wa watu vifungo mpaka kwenye koromeo, akiambiwa okota sindano atakufa."

"Mama yangu mwenyewe," Kasiani alisema, akiwa ameshaanza kukasirika, "mama yangu amesema hawezi kupokea mkwe wa kanga na visuko, aliyeteremka mlimani na majani ya kabichi kichwani."

Regina aliinamisha macho. Hakuwa amewahi kubeba kabichi kichwani; zilibebwa kwenye tenga. Lakini neno liliingia.

"Mama yako Anastasia?" Bi Shamsia alicheka mpaka akashika ukuta. "Anastasia niliyemjua mimi akipita hapa na kaniki iliyochanika nyuma, akiomba moto? Leo naye ana vioja vya mavazi! Haya, Regina, sema wewe. Mwili ni wako."

Regina alimtazama Kasiani. Kasiani alimtazama Regina, akashusha kope kidogo, akasema polepole, "Nilivyoliona tu, nikakuona wewe ndani yake."

Ikaisha hapo. Mwanamke aliyekuwa amejiandaa kwa siku nyingi, aliyejua anachofanya, alivua blauzi yake nzuri kwa sababu ya kope. Tunaweza kumdharau kidogo, na yeye mwenyewe baadaye alijidharau zaidi yetu. Kiuno cha gauni kilikataa. Ikabidi akae chini, afumue mishono ya ubavuni, aiachie, aishone upya, na alishona upesi kwa mishono midogo iliyosimama mstari mmoja. Bi Shamsia alimlazimisha avae kanga zake ndani yake.

"Sikutoi nyumbani kwangu ndani ya kitambaa hicho peke yake," alisema. "Kikipasuka, angalau utabaki mtu."

Walitoka pamoja, lakini walipofika barabara kubwa Kasiani alitangulia hatua kadhaa. Regina alikuwa ameshazoea. Mwanzoni alidhani ni haraka ya kazi. Milima ya Uluguru ilikuwa wazi asubuhi ile mpaka kileleni, na jasho lilikuwa limeshaanza kumtiririka mgongoni ndani ya gauni.

"Kasiani, ngoja. Viatu vinanibana."

"Utavizoea."

"Gauni hili umelipata wapi?"

Alipunguza mwendo, akaangalia huku na huku. "Nikuambie, lakini usipige kelele. Ni la Maria. Mdogo wake Bibi Agnes, yule aliyekufa kwa homa wakati wa masika."

Regina alisimama katikati ya barabara.

"La marehemu?"

"La marehemu. Bibi amenipa kwa mkono wake."

"Amekupa wewe? Uvishe nani?"

"Amenipa, nimesema. Fikiri kidogo, Regina. Kwetu mtu akifa nguo zake huvaliwa na nani?"

"Na mrithi wake."

"Na mrithi akishazivaa?"

"Anaitwa jina la marehemu. Wenye msiba wanamsalimu kama yeye."

"Basi. Bibi Agnes hana ndugu mwingine nchi hii. Analia mpaka leo akidhani hatumsikii. Akikuona umeingia ndani ya gauni la Maria, moyo wake utakuwaje? Wale wengine watakuja kuomba kazi. Wewe utakuja kukaa mahali pa mdogo wake."

Na Regina, kwa kuwa alilelewa Matombo, akaona ni kweli. Misheni ilimpa Baba Yetu na sindano, haikumwondolea mambo ya ukoo. Alikumbuka jinsi bibi yake mzaa mama alivyovaa kaniki ya dada yake siku ya kumaliza tanga, na jinsi wazee wa kiume walivyomwamkia kwa jina la yule aliyezikwa, na kilio kikakoma. Woga ukamtoka. Akaanza kutembea vizuri zaidi, kwa heshima ya mwenye nguo.

"Kasiani."

"Nini tena?"

"Utanijulisha kwa bibi kama nani wako?"

Alikohoa. "Leo tuseme wewe ni mtu tu umekuja. Ukishapata kazi, nitasema yote. Nitakupeleka kwa mama. Nitakwenda kwa mjomba wako na barua ya posa."

"Mjomba anaondoka leo jioni."

"Basi upate kazi leo," Kasiani alisema, akatangulia tena.

Kwenye baraza ya nyumba ya wageni walikuwa wameketi wanawake wawili waliofika mapema, wote na kanga. Walipomwona Regina anakuja akichechemea walisogea kumpisha kama anapita mgonjwa, kisha wakaangaliana, na mmoja akaziba mdomo kwa upindo wa kanga yake. Regina aliinua kidevu. Kwa kola ile hakuwa na njia nyingine.

Kasiani aliingia ndani kwanza. Sauti yake ya kazini ilikuwa nyembamba kuliko ya barabarani. "Kuna mwingine, bibi."

"Mlete," ikajibu sauti ya Bibi Agnes.

Bibi Agnes alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye nywele za rangi ya katani zilizovutwa nyuma mpaka nyusi zikanyanyuka. Alikuwa mezani, ameinamia mashuka yaliyochanika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, hakikuwa na salamu.

Regina alipiga magoti mlangoni, kama mtu anayeingia penye msiba. Akasema maneno aliyoyatengeneza njiani:

"Pole, bibi. Usilie tena. Mimi nimekuja mahali pa Maria, mdogo wako."

Bibi Agnes aliinua uso. Shuka lilimponyoka. Alisimama polepole, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, na uso ukamwisha damu. Kisha alisema jina moja kwa sauti ndogo ya kitoto ambayo Regina hakuitarajia kutoka kwa mtu yule. Alipoinua tena macho, sauti ile ilikuwa imekwisha.

"Mahali pa Maria?" alisema. "Wewe? Wewe, ndugu yangu?" Akacheka kicheko kimoja kikavu. "Nani amekupa nguo hii?"

Regina aligeuza uso kumtazama Kasiani. Hakufanya hivyo kwa kumchongea. Aligeuka kama mwanamke anavyomgeukia mwanamume wake anapoulizwa swali mbele za watu, akingoja asogee, asimame karibu. Alikuwa ameingojea saa hiyo tangu mwisho wa masika. Sasa imefika, neno la uchumba halina budi kusemwa.

Bibi Agnes naye alimgeukia. "Kasiani. Nilikupa wewe nguo hizi. Nilisema nini?"

"Ulisema nizichome moto, bibi."

"Umechoma?"

"Nimechoma, bibi. Zote."

"Na hii?"

Kasiani alilitazama gauni kana kwamba limeota sakafuni. "Labda upepo... Labda huyu alikuja akaiba pale penye moto, bibi. Hawa watu wa milimani huja na mboga, ukigeuka..."

"Unamjua mwanamke huyu?"

Kope zile ndefu zilipepesa mara kadhaa.

"Simjui, bibi."

Regina alikuwa bado amepiga magoti. Alimtazama mtu wake kuanzia viatu vilivyong'arishwa mpaka kofia iliyobanwa kwapani, akaona kila kitu kwa mara ya kwanza: mdomo unaotetemeka, jasho juu ya mdomo, mkono unaoipapasa kofia isije ikabonyea. Hata sasa alikuwa anaogopea kofia! Maumivu yalimpiga kifuani, makali, ya kweli, na nyuma yake kikaja kitu baridi ambacho hakukijua jina mara moja. Kilikuwa dharau. Ilimshangaza jinsi ilivyoingia bila kubisha hodi na kukaa kitako.

"Kama humjui, ni mwizi," alisema Bibi Agnes. "Nenda wewe mwenyewe uite askari."

"Mimi, bibi?"

"Wewe."

Na Kasiani akaenda. Angeweza kusita mlangoni, angeweza hata kugeuka. Alivaa kofia, akaiweka sawa, akateremka ngazi. Kupitia dirishani Regina alimwona akivuka uwanja kuelekea boma, koti jeupe likimetameta, akitembea upesi kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Bibi Agnes alikaa. "Mimi si mjinga," alisema. "Nilimpa kwa mkono wangu. Ni mpenzi wako huyo?"

"Alikuwa, bibi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipovaa kofia."

Yule Mjerumani alitoa sauti puani, nusu kicheko. "Wanaume wazuri," akasema, na hakumaliza. "Vua nguo ya Maria."

Regina alisimama, akafungua vifungo kimoja kimoja. Hakulia, ingawa vidole vilikuwa vizito. Gauni lilipoteremka, alibaki na kanga zake, akapumua mpaka chini ya tumbo. Alilikung'uta, akalilaza juu ya meza, akaweka mikono ndani, akalikunja lesi ikiwa juu, kisha akalishika kwa mikono miwili na kumpa mwenye msiba, macho chini.

"Nisamehe, bibi. Kwetu tungekuwa tumekufariji. Sikujua kwenu mnachoma."

"Kwetu hatuvai nguo za wafu." Bibi Agnes alilipokea, akalikumbatia kidogo kabla ya kujikumbuka. Kidole chake kikapita ubavuni, kikasimama kwenye mishono. "Hapa nani ameshona?"

"Mimi, leo asubuhi. Kiuno kilikataa."

Bibi alilisogeza kwenye mwanga. Alitazama mishono kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama Regina.

"Usiniite tena ndugu," alisema mwishoni. "Wewe si ndugu yangu. Nakulipa, unashona, unapita mlango wa nyuma. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na kazini uje hivyo ulivyo. Mwanamke wa kazi lazima ainame."

Hakukuwa na upendo ndani ya maneno yale, wala Regina hakuutafuta. Alitaka kazi, na kazi ilikuwa imesemwa. Mjomba Gabrieli angepanda na matenga yake matupu jioni.

Vishindo vilisikika barazani. Kasiani aliingia na askari wa boma, mtu mnene mwenye kiboko kiunoni. Kasiani alimwona Regina amesimama kando ya meza, na kanga, na shuka la kushona tayari mkononi, na Bibi Agnes ametulia. Akili yake, ambayo ilikuwa nyepesi kwa mambo kama hayo, ikafanya hesabu papo hapo.

"Huyu sasa ni mtu wangu wa kazi," Bibi Agnes alimwambia askari. "Mwizi ni huyo aliyekuleta. Nilimwambia achome nguo, akaiba."

Uso wa Kasiani ulififia, kisha ukajaa tabasamu, lile tabasamu zuri alilolizoea kwenye kioo chake cha kunyolea. Alipiga hatua akasimama karibu na Regina, karibu kabisa, bega kwa bega.

"Bibi, sikuiba," alisema kwa sauti kubwa, ya wazi, mbele ya bibi, mbele ya askari, mbele ya wanawake wawili waliochungulia kutoka barazani. "Nilimpa huyu. Huyu ni mchumba wangu."

Ilikuwa imesemwa. Maneno yenyewe, yote, bila kukosa hata moja, na kwa sauti nzuri. Usiku mwingi Regina alikuwa ameyasikia hivyohivyo ndani ya usingizi wake, akaamka na machozi ya furaha. Sasa aliyasikia yakipita masikioni kama mtu anavyosikia jina la mtaa asikokwenda.

Bibi Agnes alimtazama Regina. "Kweli? Kama ni mchumba wako, alikosa kwa mapenzi; nitamfukuza tu, aende zake. Kama si wako, ni mwizi; aende boma, akapate viboko vyake hamsa ishirini. Sema."

"Regina," Kasiani alinong'ona. Alikuwa anamtazama kwa macho yale, makubwa, meusi, yenye maji sasa. "Regina, mpenzi. Nisemee neno."

Moyo wa Regina ulimwuma. Kusema kweli ulimwuma, maana mwili hausahau upesi kama akili. Alimtazama mpaka akamaliza kumtazama, kisha akainama, bila shida yoyote, akaokota sindano iliyokuwa imeanguka karibu na kiatu cha Kasiani.

"Bibi," alisema, "mimi nimekuja kutafuta kazi. Mchumba sina."

Askari alimshika Kasiani mkono. Regina alitia uzi kwenye sindano, akauliza waanze na shuka lipi.